Siku Tatu za Kidole

Uji ulianza kutokota, na Kunegunda akaukoroga kwa mikono miwili, kwa mwiko mrefu kuliko wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza. Ukungu wa milima ya Matogoro ulikuwa umeingia jikoni bila hodi, ukachanganyika na moshi wa kuni, hata mpishi mwenzake, Suzana, akaonekana kichwa tu.

"Dada, leo si ndiyo siku yako ya daktari?" kichwa kikauliza.

"Ndiyo. Nikishagawa uji naondoka."

Wiki sita nyuma alianguka palepale, kando ya jiko, ameshika tumbo upande wa kulia. Hospitalini mjini wakamwambia kidole tumbo kimevimba, kimejifunga donge, na donge bichi namna ile hawalikati. Wakamtundikia dripu za antibayotiki siku tano, kisha wakamrudisha nyumbani na kidole chake. Wanafunzi wa bweni walimpokea kwa taadhima kubwa, kwa kuwa siku zote hizo walikuwa wakitafuna uji wa Suzana.

Saa nne alikuwa mbele ya Daktari Remmy, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Sasa hivi hakiumi, mama?"

"Hata kidogo."

"Basi ukweli ni huu. Wakipona watu kumi kwa dawa kama wewe, kinaweza kuwarudia wawili, pengine watatu. Wengine wanazeeka nacho. Ungekuwa na miaka ishirini ningekwambia tungoje tuone. Lakini una arobaini na saba, na kwa umri huo, mara chache, donge kama hili huwa limeficha kitu kibaya zaidi. Mimi ningekitoa, tukakipima. Ila uamuzi ni wako."

Kunegunda akafikiri. "Nikikatwa, mwiko nitaushika lini?"

"Mwiko gani?"

Akatanua mikono kumwonyesha. Daktari akautazama ule upana kwa heshima.

"Huo? Si kabla ya wiki sita."

Kunegunda alikuwa kibarua jikoni pale kwa mwaka wa sita. Alijua wiki sita kwa kibarua ni kitu gani. Hata hivyo alikumbuka sakafu ya jikoni ilivyokuwa baridi shavuni siku ile.

"Nikate."

"Alhamisi," daktari akasema, akamwandikia barua.

Bodaboda ilimshusha getini saa sita kasoro. Akaenda moja kwa moja kwa makamu mkuu wa shule, Mwalimu Aidani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

Mwalimu Aidani akaisoma barua mara mbili. "Unatolewa kidole."

"Kidole tumbo."

"Kinauma?"

"Kimepoa."

"Sasa mama yangu, ruhusa ya ugonjwa ni ya mgonjwa. Wewe mzima. Siku kikirudi kuuma, njoo, nitakusainia hata kama niko mezani nakula."

"Kikirudi kinaweza kupasuka, mwalimu."

"Hapo ndipo utakuwa mgonjwa."

Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu anayesoma jedwali la kuzidisha. Kisha, kwa huruma, akainua macho kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, orodha ya ruhusa za vibarua. Mguu, siku ishirini na moja. Mkono, kumi na nne. Kidole, tatu. Tumbo halikuwemo. Aliyeitunga hakukumbuka kwamba wapishi nao wana matumbo.

"Nimekupatia!" akasema, akajaza fomu: *Kidole, siku tatu.* "Siku ya nne usipoonekana, mama, nafasi si yako tena. Unawaona wanaotafuta kazi pale getini kila asubuhi. Haya, weka kidole hapa."

Akasogeza kidau cha wino. Vibarua walisaini kwa dole gumba, wajue kuandika wasijue. Kunegunda hakuugusa wino. Alichukua kalamu ya mwalimu, akaandika jina lake lote kwa mwandiko mzuri, kisha baada ya neno *kidole* akaongeza: *tumbo*.

"Umeiharibu fomu, mama."

"Nimeimalizia, mwalimu."

Mwalimu Aidani akachukua rula, akalikata lile neno kwa mstari ulionyooka, akagonga muhuri.

Jikoni maji ya ugali yalishachemka na Suzana alikuwa akipambana na unga.

"Wamekupa?"

"Siku tatu. Za kidole."

Suzana alicheka hadi akashikilia gunia la maharage. "Kidole! Jamani! Sasa utafanyaje?"

"Alhamisi nakwenda."

"Na siku ya nne?"

"Wakikuuliza, waambie kidole nimekiacha hospitali. Tumbo liko njiani, litafika baada ya wiki sita."

Kicheko cha Suzana kikakatika. Kupitia dirisha walionekana wanawake wawili wameketi nje ya geti, vitenge mabegani, wakingoja kuitwa.

Kunegunda akamtazama mwenzake anavyoushika mwiko karibu na kichwa, kama kijiko.

"Shika juu zaidi," akamwambia. "Utaumia tumbo."

Ugali ulikuwa umeanza kushika chini.