Kiganja cha Ibtisam

Choo kile umekiingia, usinikatalie. Ulifungua zipu, ukaona viganja vyekundu ukutani, ukainua macho kwenye taa mpaka ulipomaliza. Kisha ukarudi ukumbini kupiga makofi.

Kabla Jumba la Bahnasi halijageuzwa kuwa mahali pa muziki na bia, choo hicho kilikuwa chumba cha waigizaji wa kike. Siku ya mchezo wetu wa kwanza tulichinja ndama mlangoni, kila mtu akachovya kiganja kwenye damu na kukibandika ukutani, kama watu wa Aleksandria wanavyofanya wakipata nyumba mpya, husuda isiingie. Mimi nilikuwa seremala wa jukwaa. Bi Dawlat, mwigizaji wetu mkuu, alimbeba bintiye Ibtisam, naye akabandika chake, kidogo, chini ya cha mama yake. Mwaka uliofuata homa ikamchukua mtoto. Picha zake zililiwa na mafuriko. Kilichobaki ni kiganja.

Juzi Bi Dawlat aliniomba nimpeleke akakiguse. Spika zilitikisa meno, sakafu ilinata bia. Alijifunika pua kwa mtandio, akaingia chooni katikati ya wanaume. Kijana mmoja alikuwa amesimama pale pale, mkojo ukirukia vidole vya mtoto.

"Bibi, cha wanawake kiko juu," akasema, bila kuacha.

"Unayemkojolea ni mwanangu."

Mwenzake akacheka, akasema bibi naye kaonja bia.

Akaja Karam, mwenye jumba, marashi yake mabaya kuliko choo. Akamwita mama, akamtuliza: uchafu huo wote utafunikwa na marumaru Jumamosi.

"Uchafu?" nikamuuliza.

"Mjomba, ni rangi imechakaa tu. Wateja wanasema inatisha."

Nikamwomba nikate kipande kile cha plasta tuondoke nacho. Akasema ukuta ni wake.

Bi Dawlat hakuomba. Alipiga magoti kwenye majimaji yale, akafuta kiganja kwa leso, kidole kimoja kimoja. Wanaume waliingia, wakamwona, wakageuza nyuso, wakakojoa pembeni yake.

Jumamosi ni kesho. Patasi ninayo, na mikono bado ina nguvu, lakini Karam ana mabaunsa na mimi niko peke yangu. Makofi yako siyataki. Njoo alfajiri, mlango wa nyuma, usimame kati ya fundi marumaru na ukuta ule mpaka nimalize kukata. Vaa viatu usivyovipenda.