Injini ya Pili

...na sasa mnara wa kuongozea ndege unasema tusubiri tena, ndege ya kubeba nyama inakuja kutoka mashambani, iko dakika sita, tubaki hapahapa kando ya njia ya kurukia, na mimi najibu sawa kwenye redio kwa sauti ambayo si yangu, sauti ya Zoraida Antelo rubani mwenye miaka kumi na minne kazini, huku jasho linanitiririka mgongoni na mkanda wa kiti unanibana kifua, na injini mbili zinanguruma, moja kulia moja kushoto, mimi niliyezoea moja tu, pale mbele ya pua, ikikohoa unajua nani kakohoa, hizi za mabawani ni kama watu wawili wanaonisema nyuma ya mabega... "Zoraida," anasema Kapteni Cuéllar, mkufunzi wangu, "upo, au umeniachia ndege peke yangu?" Nipo, Kapteni. "Basi nijibu. Umeongeza nguvu, ndege ndiyo kwanza imenyanyuka, mwendo haujafika mstari mwekundu wa kwenye kipima mwendo, injini ya kushoto inakufa. Unafanya nini?" Jibu nalijua, nimelikariri bafuni wiki tatu mpaka mama akagonga mlango, unaongea na nani humo wewe, lakini mdomo haufunguki, kwa sababu nikigeuza shingo kidogo namwona mama mwenyewe kule nyuma ya uzio, na kofia yake ya majani na mfuko wa mikate ya jibini mapajani, mama ambaye tangu tumzike kaka yangu Osmán hajakanyaga ndege, miaka mitatu anakwenda shambani kwa mtumbwi na mkokoteni wa maksai, siku nne matopeni na umri ule, na leo Kapteni akinipitisha kwenye mtihani huu yeye ndiye abiria wangu wa kwanza. Ndege hii kainunua yeye. Nusu ya ng'ombe wetu imekwenda hapa. Injini moja ndiyo iliyomuua mwanangu, aliwaambia wajomba, akamwambia muuza nyama, akamwambia kila aliyekuja kutoa pole, ingekuwapo ya pili Osmán angekuwa anakula hapa mezani na sisi, na siku ya kuibariki ndege akamshika padri kiwiko, akamwambia ya pili hiyo imwagie maji zaidi, Padri, hiyo ndiyo ya Osmán, watu wakacheka wakafuta machozi, nami nikacheka, nikafuta, nikanyamaza... "Nakusubiri, binti," anasema Kapteni, mkono wake uko juu ya vishikio vya nguvu za injini, vidole vinene vimelegea tu, tukiruka atavuta kimoja, injini moja ife, bila kuniambia, lini sijui, kushoto au kulia sijui, na jana ubaoni alinichorea akasema watu wengi hudhani injini ya pili ni ya kuwaokoa, kumbe ukiwa chini ya mwendo ule ile injini iliyobaki nzima ndiyo itakayokuua, inasukuma upande wake, ndege inageuka, bawa la upande uliokufa linaanguka, mnalala chali, na mimi nikiitazama ile chaki nikaliona bawa letu, bawa la kushoto, Februari ile shambani kwetu El Tarope, maji yamefunika mbuga yote, njia yetu ya kurukia peke yake ndiyo kavu, Osmán kando yangu na buti zake mapajani maana zilikuwa na tope na hakutaka nimgombeze, tumenyanyuka, mita sitini, labda sabini, injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza, na ukimya ule, Mungu wangu, unasikia upepo kwenye milango, na Osmán hakupiga kelele, alisema tu, kama anavyoniambia nikunje kona njiani, "Mbele, Zora. Mbele tu, majini," na mbele palikuwa na nyasi na maji ya kiunoni, laini, tungelowa, tungepoteza ndege, tungerudi tukitembea tumebeba buti vichwani tunatukanana, lakini nyuma kulikuwa na ile njia kavu na mama amesimama mwisho wake anapunga kitambaa... nikageuka. Kushoto. Bawa likaanguka. Niliwaambia polisi injini ilizimika tukadondoka, wakaandika injini ilizimika wakadondoka, na hakuna aliyeniuliza mlidondoka mkitazama wapi, na neno lile dogo, niligeuka, nimelimeza kila siku asubuhi na chai, na juu ya neno lile mama kauza ng'ombe, na juu yake nimekaa sasa hivi, nimefungwa mkanda, mlango uko upande wa Kapteni, nikitaka kushuka lazima nimpite yeye, kisha nimpite mama... "Ndege ya nyama imezunguka bila kutua, upepo umeibadilikia, dakika nne nyingine," unasema mnara, na Kapteni anasonya, "Hao na nyama yao, itafika imeiva." Sicheki. Navuta vishikio vyote viwili, nasema. "Sema tena." Navuta vyote viwili, Kapteni, cha injini nzima na cha iliyokufa, naua injini nzima kwa mkono wangu, nashusha pua, nakwenda mbele, popote palipo mbele, maji, uzio, ng'ombe, sigeuki. "Vizuri," anasema, "ndiyo hiyo," na mdomo uliokataa kufunguka sasa unakataa kufungwa, namsikia Zoraida anasema siku ile niligeuka, Kapteni, Osmán aliniambia mbele na mimi niligeuka, haikuwa injini, hata ingekuwapo ya pili, hata zingekuwa tano... Kapteni anauondoa mkono wake kwenye vishikio, anauweka gotini, mafuta yanaungua, mabawa yanatetemeka, kisha anauliza taratibu, "Mama yako anajua?" Hajui. "Utamwambia kabla hajapanda, au akishapanda?" Na nageuza shingo, kule uzioni mama kasimama sasa, ananiona nimemtazama, ananyanyua ule mfuko wa mikate kunionyesha, bado ya moto, na mkanda unanibana vilevile na mnara unasema subirini vilevile. Kabla, nasema. Akikataa kupanda, asipande.