Mfano wa Jumanne

Ujumbe ulimfikia Jepchumba Alhamisi asubuhi, akiwa mbele ya darasa, na aliyemtumia ni mama yake mzazi kutoka Burnt Forest. "Chumba, usipite hapo Pioneer. Angalia hii." Chini yake palikuwa na picha ya duka lenye mlango wa buluu, na juu ya picha maandishi mekundu: DUKA HILI LINASAJILI VIJANA WA CHUO KWA MAGAIDI. WATUMIE WATU KUMI KABLA HAIJAFUTWA.

Jepchumba aliyajua maneno hayo. Angekosaje kuyajua, naye ndiye aliyeyaandika?

Aliyaandika Jumatatu jikoni kwake, akinywa chai na kujipongeza. Kazi yake chuoni ilikuwa kuwafundisha wanafunzi kutumia mitandao bila kugeuzwa punda wa kubeba chuki za watu, na alikuwa amechoka kuwaonyesha mifano ya nchi za mbali. Akapekua simu yake, akapata picha ya duka aliyoipiga zamani akingoja mvua ipungue, akafuta jina la duka, akaona yametosha. Jumanne wanafunzi waliuchambua uongo huo wakicheka, wakataja hila zake: haraka, hofu, mwandishi asiye na jina. Neno MFANO aliliandika kubwa kweli, lakini chini ya picha, si juu yake. Msomi mzima!

"Nani alitoa mfano wangu nje ya darasa?" aliuliza.

Mabonga, kijana wa mstari wa mbele asiyekosa swali, aliinua mkono nusu. "Ni mimi, Madam. Nilipiga hiyo picha nikatuma kwa group ya familia. Lakini si niliweka maneno! Niliwaandikia, 'Oneni vile watu hudanganywa.' Uncle yangu wa Langas ndiye alikata hiyo MFANO ya chini, akaforward picha peke yake."

"Na maneno yako?"

"Yalibaki, Madam."

Hapo Anisa akasimama na mkoba begani. Alikuwa msichana mtulivu wa mstari wa nyuma, na Jumanne alicheka pamoja na wenzake. "Hiyo ni duka ya baba yangu," alisema. "Nilijua mlango siku hiyo hiyo. Nikafikiri Madam aliomba ruhusa."

Jepchumba aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Hakuwa ameomba ruhusa kwa mtu. Kwake mlango ulikuwa mlango tu.

Yeye na Anisa wakiwa getini wakitafuta boda boda ya kwenda dukani, mkuu wa kitivo alimpigia. Habari zilikuwa zimeshamfikia. "Usiseme kitu, mwalimu. Tutatoa taarifa rasmi kesho. Ukikiri leo, kazi yako sitaweza kuitetea."

Kesho! Kana kwamba jiwe husubiri barua. Jepchumba alikata simu, akapanda pikipiki nyuma ya Anisa, na njia nzima hakujua aiweke wapi mikono yake.

Huko mtaani Pioneer, mlango wa buluu ulikuwa umefungwa. Ng'ambo ya barabara walisimama waendeshaji boda boda kama ishirini, pikipiki zimezimwa, na boda iliyozimwa saa nne asubuhi wateja wakipita si dalili njema. Mmoja alikuwa na jiwe mkononi tayari. Jepchumba alikwenda akasimama mbele ya mlango.

"Ile picha ni mimi niliiandika!" alipaza sauti. "Ni uongo. Ulikuwa mfano wa darasani."

"Madam, wewe ni mtu wetu," alijibu Vincent, mkubwa wa stendi yao. "Hawa wageni unawafichia nini?"

Jepchumba akampa simu yake, picha ya awali ikiwa wazi. Vincent aliitazama picha yenye neno MFANO chini yake, akaisoma mara mbili. "Kwa hivyo unatengeneza uongo ndio ufundishe watu ukweli?"

"Nilikosa," alisema Jepchumba.

Mwenye jiwe alilitupa mtaroni. Pikipiki kadhaa ziliwashwa, zikaondoka. Nyingine zilibaki pale pale.

Mlango ukafunguka nusu, na Mzee Abdinasir, baba yake Anisa, akawavuta ndani. "Mwalimu, miaka kumi na tisa nauza sukari hapa," alisema. "Ungeniuliza, ningekutafutia mlango usio na watu nyuma yake."

Jepchumba hakuweza kumtazama. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini angalau apanguse. Siku zote aliwaambia wanafunzi, na mama yake pia: ukishuku maandishi, tafuta sauti unayoijua. Basi akarekodi sauti yake, akataja jina lake na kosa lake bila kujitetea, akaituma kwa kila kundi alilokuwamo. Ya mwisho alimtumia mama yake, ambaye tangu mwaka ule wa moto, majirani walipochomeana nyumba huko Burnt Forest, huweka chini ya kitanda mfuko wenye hati ya shamba na blanketi mbili.

Dakika haikupita, mama akapiga. Alinong'ona. "Chumba, nimesikia sauti yako."

"Afadhali, Mama. Ni uongo, niliuandika mimi mwenyewe."

"Uko wapi saa hii?"

"Niko ndani ya hilo duka, na Mzee mwenyewe na binti yake."

Mama alivuta pumzi. "Basi usiongee sana. Kama ni wao wanakulazimisha kusema hivyo, kohoa tu. Nitajua."

Vumbi la magunia lilimkereketa Jepchumba kooni. Alifumba mdomo, akabana pumzi, machozi yakamtoka, asithubutu kukohoa.