IP Inasema Mko Dar

Tangu mkewe Febronia aende kijijini Misigiri kumsaidia mama yake kupura alizeti, Manase alikuwa hatulii. Asubuhi hiyo, kwenye steshenari yake pale Utemini, mtandao ulikuwa unajikokota. Akapima kasi, akaona iko hoi, akahofia wameingiliwa na wezi wa mtandao, akafungua barua pepe ya duka atazame ni vifaa gani vingine vinaitumia. Ikaonekana simu ya Febronia, na pembeni yake anwani ya IP, ile namba ya kutambulisha kifaa mtandaoni. Manase akaingia kwenye tovuti moja kutafuta IP hiyo ni ya wapi.

Dar es Salaam.

Akampigia mkewe papo hapo.

"Uko wapi?"

"Kwa mama. Kwani vipi?" Mbuzi wakalia nyuma yake.

"Hata Dar kuna mbuzi. Nipe mama."

Mama mkwe akapokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe."

"Samahani mama, eti... mko wapi?"

"Niko uani kwangu, nimeshika fimbo ya kupigia alizeti. Ulitaka niwe wapi?"

"IP inasema mko Dar, mama."

"Huyo Aipii ni nani? Katuona wapi? Mlete hapa ayaseme mbele yangu!"

Simu ikakatwa.

Mwalimu Jenipher, aliyekuwa akisubiri kopi za mtihani, alikuwa amesikia yote. "Hebu tafuta na ya kwako," akasema.

Manase akatafuta. Dar es Salaam. Akarudia. Dar es Salaam.

"Mitambo ya kampuni ya simu ndiyo iko huko," mwalimu akasema. "Au na wewe umehamia? Basi nipe kopi zangu kabla hujapanda basi."

Basi alilipanda kweli, lakini la Misigiri, na sukari mkononi. Mama mkwe aliipokea sukari, akaitikia shikamoo yake, kisha akamkabidhi fimbo na kumwonyesha lundo la alizeti.

Manase alipiga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Febronia alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimtazama.

"Huko Dar uliwaza niko na nani?"

"Sikufika huko."

"Ulifika, tena mapema." Akacheka mpaka akashika mbavu, akamrushia kitenge ajifute jasho. "Haya, piga na hapo pembeni. Mbegu bado zimo."