Sifuri Nane za Filimbi

Dada mtu alikuwa amechoka. Si uchovu wa kazi; huo ungeisha akilala. Alichoka kuamka kila siku saa kumi na mbili asubuhi kumsimamia mwanamume wa miaka thelathini na minane apulize kifaa cha kupima pombe, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Nyumbani kifaa hicho walikiita filimbi, ingawa hakilii, kinatoa namba tu. Namba inaandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa friji, mdogo wake anatia sahihi, naye anatia sahihi, ndipo chai inamiminwa.

Huyo mdogo wake aliitwa Injinia, na hakuwa injinia hata kidogo. Jina alilipata utotoni, kwa kuifungua redio ya baba yao na kushindwa kuifunga. Alikuwa mwendesha winchi kwenye yadi ya vyuma, tena hodari, mpaka siku aliyoshusha mabomba juu ya paa la ofisi huku akinuka bia. Bahati nzuri ofisi ilikuwa tupu. Yadi ikampeleka kwa mshauri anayesaidia watu kuacha pombe: akitimiza siku sitini safi, anarudi kwenye winchi. Akinywa akasema mwenyewe, anaanza upya, na yadi itamsubiri mradi awe amekwisha kufikisha hamsini. Akinywa akaficha, basi tena.

Siku ya arobaini na nne, baada ya Injinia kupuliza, filimbi ilimponyoka dada ikaanguka sakafuni. Taa yake ikaendelea kuwaka. Ili ajiridhishe, dada akasukutua dawa ya kikohozi, ile inayochoma koo kwa spiriti, akapuliza. Sifuri. Akabadilisha betri, akachovya pamba kwenye spiriti, akaishika mbele ya tundu. Sifuri, tena ya kujiamini kabisa.

Angesema. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema. Lakini dada alipiga hesabu zake: mdogo wake aliiogopa filimbi kuliko alivyomwogopa yeye, akijua imekufa, atakuwa baa kabla jua halijazama. Basi akanyamaza, akaendelea kuandika sifuri kila asubuhi kwa mwandiko mzuri. Alijiona ametumia busara. Ndivyo watu wanavyojiona wakati wanaharibu.

Siku ya hamsini na tatu Injinia aliingia jikoni, na harufu ikaingia kabla yake. Dada aliijua papo hapo. Injinia hakumtazama. Alichukua filimbi akapuliza kwa pumzi ndefu ya mtu anayetaka yaishe.

Sifuri.

Akaitikisa. Akapuliza tena, mashavu yamevimba. Sifuri.

"Dada, hii kitu ina nini?"

"Haina kitu. Sifuri hiyo. Tia sahihi, chai inapoa."

"Nimekunywa."

"Filimbi inasema hujanywa."

"Kwani nani alikuwa na chupa mkononi, mimi au filimbi? Usiku wa manane wa kuamkia leo nne, na ya tano nimeimaliza alfajiri hii hujaamka. Yadi walinipigia jana kuuliza kama wiki ijayo niko tayari. Nikasema ndiyo, halafu mikono ikaanza kutetemeka." Akaiweka filimbi mezani. "Nilikosa mdomo wa kukwambia. Nikasema acha yenyewe iniseme. Sasa na yenyewe inanificha."

Dada alipandwa na hasira. Siku saba zimebaki, saba tu, mtu ameponea chupuchupu na bado anang'ang'ania kujichongea.

"Lakini wewe una nini? Miaka kumi unaniambia hujanywa, nami nakunusa. Leo nakwambia mimi hujanywa, unabisha. Mtu akusaidie vipi?"

Huku anasema hayo, mkono wake ulikuwa umekwisha kuandika sifuri na kutia sahihi. Injinia akautazama mkono, akaitazama filimbi. Injinia hakuwa, ila mashine mbovu aliijua.

"Imekufa lini?"

"Ya arobaini na nne," dada akasema. "Ilianguka."

"Siku nane, mpaka jana." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma dada. "Siku hizo nane sikugusa hata tone. Ile ya arobaini na saba nililia bafuni, nikafungulia maji usinisikie. Nilijua nimezipata kwa jasho langu. Sasa nani ataniamini?"

Miaka kumi mwenye makosa ndani ya nyumba ile alikuwa mmoja, na alikwisha kuzoea hivyo. Dada akachukua simu, akampigia mshauri, akaweka spika ili wote wasikie. Akaeleza yake kwanza: kuanguka, pamba, sifuri za uongo. Injinia akaeleza chupa zake tano.

Mshauri alivuta pumzi. "Umesema mwenyewe, kwa hiyo kesho ni siku ya kwanza. Shida ni yadi. Nikiwaandikia hamsini na mbili, watakusubiri. Nikiandika arobaini na nne, watatafuta mtu mwingine. Filimbi haiwezi kunisaidia. Dada, wewe ndiye unayeishi naye. Siku hizo nane ulimwonaje?"

Injinia aliinua uso akamtazama dada yake.

Lilikuwa jibu rahisi. Aseme tu alikuwa mzima, basi, na winchi inabaki kuwa ya mdogo wake. Dada akazitafuta kichwani asubuhi hizo nane ili aseme jambo la kweli: macho ya mdogo wake, mikono yake ikishika kikombe, hata shati alilovaa. Alichokumbuka ni kalamu na karatasi tu.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa naandika sifuri. Sikumtazama."

Mshauri akasema atapiga tena, akakata. Injinia alibaki amekaa, viganja juu ya meza. Dada akamtazama. Alikuwa amekonda, na hakujua ni tangu lini.