Inshaallah ya Hamdan

Ukimtafuta Hamdan Othman pale Micheweni, ilibidi kwanza ujue ni siku gani. Siku za kawaida yuko juu ya jukwaa la miti, anapiga lipu nyumba ya mtu. Bamvua likiingia na maji yakatoka mbali, yuko baharini na miwani yake, anazamia pweza. Mvua ikinyesha huweka mwiko chini akakaa barazani kushona kofia, na kofia zake watu walizifuata kutoka Wingwi ikikaribia Idi. Alhamisi baada ya alasiri hapatikani kwa kazi yoyote. Huchukua fidla yake, akaitia kwenye mfuko wa unga, akaenda kwenye kikundi cha taarabu.

"Fundi wa yote," watu walisema.

"Wa yote ila kukaa nyumbani," mkewe, Zulekha, alijibu, na alijibu kwa kucheka. Yeye alikuwa mkulima wa mwani, na kwa jasho la wawili hao watoto wanne walikula na wakasoma.

Mwaka ule kicheko kilimwisha. Hamdan alikuwa amebadilika. Zamani alikuwa mtu wa maneno, akirudi kazini anasimulia mpaka chai inapoa. Sasa alikula kimya. Zulekha akimwambia jambo, humjibu "Ndio," au "Haya," au "Inshaallah," kisha akainuka. Mtoto wao mdogo akilia nyuma yake hageuki. Hata kikundini aliacha kwenda, na fidla ikabaki kwenye msumari ukutani.

Wakati huohuo alikuwa akijenga nyumba ya mjane mmoja huko Kiuyu. Alitoka alfajiri, akarudi magharibi. Haukupita mwezi, wanawake wenzake Zulekha wakaanza kumtazama kwa huruma kule kwenye mwani. Mmoja akamwambia wazi: "Mwenzangu, mumeo anaoa Kiuyu."

Zulekha alikaa na neno hilo siku tatu. Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, alikuwa ameinama anaosha sahani, amempa mumewe mgongo kwa sababu hakutaka amwone machozi.

"Baba Rahila, nasikia unaoa Kiuyu. Ni kweli?"

"Ndio, inshaallah," alijibu Hamdan.

Sahani ikamponyoka. "Lini?"

"Hata leo, ukitaka."

Zulekha aliinuka. Alikausha mikono, akafunga nguo zake kwenye kanga, akamshika mtoto mdogo mkono, akaaga kwamba anakwenda kwa kaka yake Wingwi, akatoka. Rahila, binti yao mkubwa, ndiye aliyebaki kuwapikia wengine. Alipomuuliza baba yake mama ameenda wapi, baba alisema: "Kwa mjomba wako. Si aliniaga?"

Zubeir, kaka yake Zulekha, ni mtu wa hasira za karibu. Kesho yake alipanda pikipiki mpaka Kiuyu. Alimkuta shemeji yake juu ya jukwaa, uso ukutani, anapiga lipu.

"Hamdan!" aliita. Kimya. "We Hamdan! Unanidharau?"

Aliita mara tatu, na mara ya tatu hata mjane alitoka ndani kutazama. Hamdan aliendelea kusawazisha ukuta. Zubeir alipanda jukwaani akamshika bega kwa nguvu, na Hamdan akaruka kwa kushtuka nusura aanguke.

"Lahaula! Shemegi, umekuja saa ngapi?"

Zubeir alimtazama. Hasira ilimtoka kidogo kidogo, kikaingia kitu kingine. Akamwambia ana kwa ana, polepole: "Dada yangu amekuuliza kama unaoa huku. Ukamjibu ndio."

Hamdan aliifuata midomo yake kwa macho. "Naoa nani?"

"Weye ndiye unayejua."

"Mie?" Akakaa kitako juu ya ubao, mwiko mkononi. "Wallahi nilidhani ananiuliza kama nitakwenda kumfungia kamba za mwani."

Ndipo ukweli ukatoka. Masikio yalianza kuziba tangu mwaka juzi, moja, kisha la pili, na usaha ukimtoka baada ya kila bamvua. Hakumwambia mtu. Nani atampa kazi ya ujenzi mtu asiyesikia akipigiwa kelele kutoka chini? Kikundini, wakipiga kwenye harusi moja, aliingiza fidla mahali si pake kwenye wimbo, harusi nzima ikacheka, akajitia mgonjwa na hakurudi tena.

Zulekha alirudi jioni ileile. Alisimama mbele ya mumewe, mikono kiunoni.

"Mwaka mzima ulikuwa unanijibu nini?"

"Nilikuwa nakisia."

"Unakisia! Mie nilikuwa naongea na ukuta, najiona nimechakaa, nimechokwa!" Akalia. Hamdan hakuyasikia yote, lakini yaliyobaki aliyaona. Akaomba radhi, na hakuombwa kurudia.

Hospitalini walimkuta daktari kutoka bara, Dionis, kijana mpole. Aligonga chuma chenye ncha mbili kama uma, akakisogeza sikioni. Hamdan akatikisa kichwa. Akakigonga tena, akakikandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, na Hamdan akakodoa macho.

"Nasikia! Kinalia!"

"Ngoma za masikio zimetoboka kwa kuzamia," alieleza daktari, "lakini ndani ni mazima. Sauti ikipita kwenye mfupa inafika."

"Ndio maana fidla yangu niliisikia vizuri," Hamdan akasema taratibu. "Huwa naibana na taya. Nikadhani wenzangu ndio waliopunguza sauti."

"Usizamie tena, mzee. Una kazi nyingine?"

Hamdan akaanza kuzitaja. Zulekha akamkatiza: "Daktari, ukimwacha amalize tutalala hapa."

Wiki ile alirudi kikundini, safari hii na mkewe, akaeleza mbele ya wote. Mzee Mmanga, kiongozi wao, alimsikiliza, akamhamisha kiti akamweka goti kwa goti na mpiga ngoma ya dumbaki. Tangu hapo akipiga huwa anautazama mkono wa mwenzake, na akikosea anagongwa mguu.

Miwani ya kuzamia aliigawa. Kofia ziliongezeka. Baada ya miezi minane ya kusubiri aliitwa Unguja, akapasuliwa, ngoma ya sikio la kulia ikazibwa tundu. La kushoto bado wanangoja. La kulia limefunguka, si kama zamani, lakini linatosha kumsikia mtu aliye chumba cha pili.

Ila Zulekha katika miezi ile alizoea kusema kwa sauti ya juu, na sasa hawezi kuacha. Akimwita mumewe kuja kula, jirani wa nyumba ya tatu huitika. Hamdan humwambia apunguze, kwamba anasikia.

"Nijibu kwa maneno kamili," humwambia, "ndio nitajua."

Naye humjibu kwa maneno kamili, tena mengi, mpaka chai inapoa.