Sifuri ya Shangazi Hiramaya

Ratnakaji mwenyewe hakatai: siku ile mjinga alikuwa yeye, tena mjinga mwenye sauti. Alikuwa na miaka ishirini na moja, ameshafeli fizikia mara mbili, na katikati ya kufeli huko alibeba matofali mwaka mzima kwenye tanuri la Bhaktapur. Mgongo wake ulishafuzu zamani. Kichwa ndicho kilichorudishwa darasani. Sasa timu ya shule iliyokuwa ikienda kushindana fizikia mjini Pokhara ilibakiza nafasi moja, na Ratnakaji alikuwa ameshautangazia mtaa wao wote pale Patan kwamba nafasi hiyo ina jina lake.

Mwalimu Bajracharya alisema ataitoa kwa swali moja tu, kisha akachungulia dirishani kulitafuta. Nje, Shangazi Hiramaya, dada yake baba yake Ratnakaji, alikuwa anashuka ngazi za mfereji wa mawe kuteka maji, mtungi wa shaba kiunoni. Mfereji uko mita nne chini ya barabara. Jiko la shangazi liko ghorofa ya juu kabisa, mita nane juu ya barabara. Mtungi ukijaa, maji yake ni kilo kumi na tano. Mvuto wa dunia, akasema Mwalimu, fanyeni ni kumi. Maji yakipandishwa mpaka jikoni, yataongezewa nishati kiasi gani?

Ratnakaji hakungoja swali litue. Aliifanya barabara kuwa sifuri. Jikoni: kumi na tano mara kumi mara nane, jouli elfu moja na mia mbili. Mferejini: kumi na tano mara kumi mara nne, mia sita. Akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata mia sita, akazipigia mstari mara mbili na kurudi kuketi kama bwana harusi.

Akafuata Sunayana Tuladhar, msichana ambaye hata akipiga chafya huomba radhi. Yeye sifuri aliipandisha jikoni. Mferejini, mita kumi na mbili chini ya hapo, akaandika hasi elfu moja na mia nane. Kutoka hapo hadi sifuri, nyongeza ni elfu moja na mia nane.

Darasa likaangua kicheko, Ratnakaji akiwa kiongozi wa kwaya. Akataka kujua kama maji hasi yanakata kiu au yanaiongeza, na kama chai yake hunywewa au hutemwa.

“Kaka Ratna,” Sunayana akasema taratibu, “hata wewe ulikuwa nayo hayo maji hasi. Ulisahau alama tu.”

Mwalimu hakuamua. Aliwatoa wote nje, akaazima kwa shangazi mtungi uliokwisha kujaa, akamtwika Ratnakaji kule chini kabisa.

“Panda,” akamwambia. “Jibu lako likiisha, nitakuambia usimame.”

Mbeba matofali akapanda kwa mbwembwe, bila kumwaga tone. Mguu wake ulipokanyaga barabara tu, Mwalimu akainua mkono.

“Hapo hapo. Jouli zako mia sita zimekwisha. Tua mtungi, umefika jikoni.”

Ratnakaji akatua. Akaangalia jiko alilofika: pikipiki mbili na mbwa mmoja anayejikuna. Akainua macho, ghorofa kwa ghorofa, mpaka kwenye moshi wa jiko lenyewe. Halafu akageuka kuzitazama ngazi alizotoka kuzipanda, magoti yakiwa bado yanazikumbuka, na kitu kikamlipukia kichwani. Nne alizopanda, nane zilizobaki. Zinajumlishwa! Shimo halipunguzi safari, linairefusha, na yeye alikuwa amelitoa kama vile mfereji unamsukuma juu.

Wenzake nao wakawaka moto. Mmoja akaweka sifuri kwenye kilele cha hekalu, mwingine mferejini, mwingine kichwani kwa mbwa, wakikokotoa kwa vidole ukutani, na kila mara ikaja ile ile, elfu moja na mia nane. Ratnakaji aliruka kuliko wote. Katika maisha yake hakuwahi kukosea kwa raha namna ile.

Lakini alipomwona Mwalimu anatoa kalamu na orodha ya timu, raha ikapungua kidogo. Akaanza hoja mpya: yeye kakosea alama moja tu, ila Sunayana kakosea msingi, maana sifuri halali ni ardhini, vitu vinakoangukia. Sunayana akamuuliza ardhi ipi, hii ya barabara au ile ya mfereji. Darasa likagawanyika, sauti zikapanda, Mwalimu akabaki kalamu hewani, na mbwa akauacha ubavu wake na kuja kuunusa mtungi.

Shangazi Hiramaya, mikono kiunoni, alikuwa ameshasikiliza vya kutosha.

“Ratna mwanangu,” akasema, “hiyo sifuri yako iweke popote roho yako ipendapo. Maji yangu yaweke jikoni.”